Jiko Linalozima

Julai, Mafinga. Ukungu umekaa mlangoni kama mdai.
Jiko jipya la punje za maranda limezima tena,
mara ya tatu tangu magharibi,
na mimi, Erasto fundi redio,
nimelipigia magoti, bisibisi mdomoni.

Nimekung'uta jivu. Nimeshusha masizi ya dohani,
ndoo nzima, pamoja na kiota cha shorewanda.
Punje nimezivunjia sikioni: zimelia, kavu.
Feni inazunguka. Waya mzima.
Linawaka, linanguruma dakika ishirini,
halafu kimya,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Usiku wa manane nikajibanza nyuma ya kabati.
Akaja Bibi Semgimwa na blanketi lake,
akafungua kile kimlango, akachungulia,
akasukumia ndani kijiti cha mwati.
Kimlango kikiwa wazi, jiko hujizima.
Ndivyo lilivyoundwa.

"Bibi," nikasema.
Hakushtuka.
"Moto usiokuomba kuni,
utajuaje kama unakujua?"

Nikafunga. Nikabonyeza swichi.
Kijiti chake, kilichoungua ncha,
nikakitia mfukoni.
Hadi leo koti langu linanuka mwati.