Bomba la Adelino

Adelino, leo nimelikata bomba lako.
Msumeno ulilia kama paka aliyefungiwa nje,
mikwaruzo arobaini, nimehesabu,
kisha likaanguka ndani ya ndoo
na uji wake mweusi wa miaka kumi na mmoja.

Ulijivunia kiungo kile.
Ulimwita hata Firmino aje achungulie chini ya sinki:
mabomba mawili, moja nene, moja jembamba,
umeyaoza kwa mpira wa baiskeli,
waya, na lami ya paa.
Ndoa ikaoza.

Pimamaji hukuwa nayo. Ulisema jicho linatosha.
Jicho lako likayapandisha maji mlima
na maji hayana magoti.
Yalirudi nyuma, yakalala, yakanuka.

Kila ulipokwenda kiwanda cha sufu
niliivuta ndoo, nikaimwaga uani juu ya theluji,
nikairudisha nyuma ya pazia
kabla hujarudi kuvua koti.
"Unaona, Graciete? Hata tone."
Hata tone, nikajibu.

Baba yangu alikuwa fundi bomba.
Nilimshikia tochi tangu nina miaka saba.
Hilo ulilijua.
Sijui kwa nini hukuniita nikushikie yako.

Dukani Baltasar aliuliza vipimo nimepewa na nani.
Nikamtandazia kipande cha gazeti nilichochora:
hamsini kwa arobaini, pete ya mpira, kiko kipya.
Akautazama mchoro, akazitazama kucha zangu,
akapunguza senti ishirini.

Nimelala chali, baridi ya mawe ikinipanda mgongoni.
Pete nimeipaka sabuni isijikunje.
Nati nimezikaza kwa mkono tu,
spana ina hasira, baba alikuwa akisema.
Kiputo cha pimamaji kimesogea
kidogo, upande wa sinki,
kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Kisha nikafungulia.
Yakaenda.
Kusema kweli yalikwenda upesi kuliko nilivyotaka,
nikabaki nimepiga magoti na tochi inawaka,
sina cha kumulika.

Ndoo nimeiosha, iko palepale. Mazoea.
Lami na waya nimetupa.
Mpira wa baiskeli sikuutupa:
una kiraka, kidogo kama kopo la dawa ya viatu,
ulichokibandika ulipokuwa ukinijia kwa baiskeli
kutoka ng'ambo ya bonde.

Nimeukunja, nimeuvuta.
Kiraka hakijabanduka.