Mlango wa Tano

Tartu, saa tisa za usiku.
Endla ameamsha milango minne ya swichi;
wa tano umewaka kijani, ukanyamaza.
Taa inasema ndiyo. Pakiti haipiti hata moja.

Mstari wa mia mbili na kumi:
kiendeshi kinachelewesha mapigo
kwa nanosekunde mbili.
Anafunua kurasa za chipu ya pembeni.
Nayo inachelewesha mbili.

Kumbe ni adabu iliyozidi:
huyu kampisha yule, yule kampisha huyu,
wote wamekwama kizingitini.

Anafuta neno moja, anajenga upya.
Chai imefanya utando.
Pingi ya kwanza inarudi, ya pili, ya tatu.

Anatoka ukumbini na soksi.
Chini ya mlango wa Kaarel taa inawaka.
Tangu Jumanne hawajasemezana.