Kiwiko

Julai ya Newala haipigi hodi.
Upepo unapanda kutoka Shimo la Mungu,
unapenya chini ya mlango kama mgeni wa mirathi,
na ukungu unaketi barazani hadi saa nne.

Ndani, katika kabati la vioo nililouzia maandazi
kabla ngano haijapanda bei,
wamo vyura watatu wa matete,
hakuna anayezidi kifundo cha kidole gumba.
Ausi aliwatoa bondeni Ruvuma, kwa mjomba wake,
katika dumu la mafuta lililotobolewa kwa msumari.
Alilipakata njia nzima ya kupanda mlima
huku dumu likipumua.

Kule chini usiku ni vuguvugu
kama uji uliosahauliwa.
Huku juu wamepauka, wamekunja miguu;
nzi anawatembelea puani
na hawamli.

Mchopa, mume wangu, anasema:
"Mimi nalala na soksi mbili,
chura kapewa blanketi langu?"
Kapewa nusu.
Nusu nyingine wewe unaivuta peke yako.

Tulijaribu balbu, ile ya zamani, ya njano, inayochoma.
Ilifaa siku mbili. Siku ya tatu, saa nane usiku,
luku ikalia, ikanyamaza, nasi tukanyamaza.
Tulijaribu jiko la mkaa.
Mwalimu Nandonde akaja mbio: "Toeni!
Chura hupumua hadi kwa ngozi."
Nikaazima kipimajoto cha zahanati.
Kikaandika vistari vitupu.
Kwake yeye, chini ya thelathini na mbili
hakuna joto la kuandikwa.

Basi ikabaki chupa.
Chupa ya soda, maji ya moto,
nimeivika soksi ya Mchopa, moja ya zile mbili.
Naisimamisha pembeni, si katikati,
anayetaka asogee, aliyechoka ajitenge.
Lakini kwanza nalaza kiwiko juu ya soksi,
nahesabu hadi kumi.

Kiwiko hakidanganywi.
Ndicho kilichopima maji ya Ausi,
mtoto wa miezi saba, Julai kama hii,
mwekundu, amezidi kidogo tu kilo ya sukari,
chupa kulia, chupa kushoto,
na mama mkwe mlangoni:
usimpe jina bado.

Hilo sijamwambia Ausi.
Yeye wake watatu
aliwapa majina siku ileile.

Fundi alikufa Alhamisi.
Tulimfukia nyuma ya choo, kwenye mpapai,
Ausi akauliza kama udongo una baridi.
Nikasema, chini zaidi, hapana.

Saa kumi alfajiri naamka kubadili maji.
Birika linanung'unika.
Mchopa anageuka, mguu mmoja mtupu.
Na gizani, kabatini, sauti:
kokoto mbili zimegongana,
mara moja.

Nasimama na birika mkononi.
Haijarudia.
Namimina, nafunga kizibo,
nakunja mkono wa gauni.
Moja. Mbili. Tatu.