Kidonda cha Kijani

Bwana Pocklington alilipigapiga mlangoni kwa kiganja
kama mtu anayemsifia ng'ombe mgongoni kabla ya kumuuza.
"La jeshi," akasema, "ila vita halikuviona.
Miaka ishirini limebeba mahema, viazi na wapiga tarumbeta."
Nikahesabu noti juu ya bampa lenye umande.
Risiti akaiandika kwa penseli:
Lori moja. Bedford. Linauzwa jinsi linavyoonekana.

Linavyoonekana: kijani juu ya kijani juu ya kutu,
namba nyeupe iliyofutwa ikagoma kufutika,
kiti cha abiria kimepasuka, sponji nje,
na harufu ya dizeli, turubai bichi,
soksi za vijana ambao leo wana wajukuu.

Tukatoka Grantham saa mbili asubuhi, mimi na mvua.
Gia ya kwanza ilipiga yowe. Ya pili ikanihoji.
Ya tatu niliitafuta tangu kanisani
nikaja kuipata mbele ya duka la chipsi.
Usukani mpana kama ungo:
unaukata sasa, magurudumu yanaitika baadaye,
yakishamaliza kushauriana.

Barabara kuu ya kaskazini, maili arobaini kwa saa,
wala si kwa hiari.
Likanipita gari la mikate. Likanipita basi la wazee
waendao kutazama maua. Ikanipita mashua,
ndiyo, mashua, juu ya trela.
Mtoto kwenye kioo cha nyuma akanipigia saluti.
Nikamrudishia. Ningefanyaje?
Sare nilizowahi kuvaa ni ya shule
na hii ya hospitali, ya kusukuma vitanda usiku.

Baba alikuwa utingo wa Bedford, Korogwe hadi Lushoto.
Miaka kumi na mmoja amening'inia nyuma na gogo mkononi,
kazi yake kuruka
kabla lori halijaanza kurudi kinyumenyume,
aliingize gogo chini ya tairi, apande tena mbio.
Usukani hakuushika hata siku moja.
Dereva alikuwa na kofia. Baba alikuwa na gogo.
Hayo sikumwambia Pocklington.
Zuhura naye sikumwambia; yeye nilimtajia kuni.

Wipa ya kushoto ilikufa Darlington,
ya kulia ikaifuata Corbridge, kama mke mwema.
Nikaendesha kichwa nje, ndevu zikitiririka,
hadi mlima wa Carter Bar, pale England inapochoka
na Scotland haijaanza.
Hapo radieta ikatokota. Injini ikakohoa, ikazima.
Hendibreki niliivuta yote, mpaka kwenye kwapa,
na lori, taratibu, kwa adabu,
likaanza kurudi Grantham.

"Gogo!" nikapaza sauti.
Kondoo watatu wakaniangalia.
Sikuwa na utingo.
Nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia,
mkono ukapapasa nyuma ya kiti, ukakuta mnyororo,
na mwisho wa mnyororo kabari ya mti,
imepakwa kijani, imelika upande mmoja
kwa kung'atwa na tairi.
Kuna mtu aliibeba hii. Jina lake halikuandikwa.
Nikaruka mwenyewe.
Magoti ya miaka hamsini na minne yakatua topeni,
kabari ikaingia, tairi likaguna, likakaa.
Nikasimama pale mvuani, nimeshika mnyororo,
nikicheka, au kitu kinachofanana na kucheka.

Galashiels tuliingia saa mbili usiku.
Bibi Turnbull wa jirani alitoka na ndara
akauliza kama kuna mafuriko yanakuja.
Zuhura alilizunguka lori mara moja, mikono kiunoni.
"Kuni ziko wapi?"
Nikamwambia kipya kinyemi, ingawa kidonda.
"Kipya?" akasema. "Hiki kimenizidi umri."
Akapanda lakini. Akakaa kwenye kiti kilichopasuka,
akafungua kioo, akafunga, akafungua.

Mtaa wetu ni tambarare, hata maji hayajui pa kwenda.
Nikashuka na tochi, nikaiweka kabari.
Kisha nikarudi tena kuisukuma kwa kisigino,
kama alivyokuwa akifanya.