Mbao ya Mulombwa

Jumamosi, jua halijagusa bado mabati ya Kampemba,
nimelala chali chini ya tela la farasi
na tochi mdomoni kama mwizi.
Vumbi jekundu la njia ya Likasi
linanidondokea machoni.

Nainua gurudumu kwa jeki, nalizungusha kwa kidole kimoja,
nasikiliza.
Beringi iliyoshiba grisi hupumua kama mtoto aliyelala.
Beringi kavu husaga meno.
Hii ya kushoto inasaga meno.

Naifungua, naiosha kwa petroli ndani ya kopo la maziwa,
naipaka grisi mpya kwa vidole viwili,
vile bibi Numbi alivyonipaka mafuta
akinisuka, akininyoosha shingo:
tulia wewe, kisichopakwa hupasuka.

Tairi nazo huongopa.
Kashata zake bado ndefu, zinapendeza,
ila ubavuni, ukiukunja mpira kwa gumba,
utaona nyufa nyembamba kama za kisigino cha kiangazi.
Kutembea huzeesha tairi.
Kusimama juani bila kazi huzizeesha zaidi.

"Kyungu! Kanyaga breki!"
Taa zinawaka.
"Kulia!"
Inawaka ya kushoto.
Tunacheka mpaka mbwa wa mlinzi anaamka.
Panya amekula waya, na fundi wa mwaka jana
ameunga rangi yoyote na rangi yoyote.

Kesho tunampeleka Mashuka mashindanoni,
jike la kahawia, kilo mia tano, woga wake haujapimwa.
Nimemwona anavyopanda:
hutia ukwato mmoja kwenye mlango wa nyuma,
hunusa,
hunitazama mimi, hamtazami mwenye mali,
ndipo huingia.
Sijawahi kutia sahihi karatasi nzito kama hiyo.

Nimeacha sakafu mwisho, kwa sababu naiogopa.
Naviringisha zulia la mpira. Harufu ya mkojo inanipiga kofi.
Ubao wa kwanza, bisibisi inakataliwa.
Wa pili, inakataliwa.
Wa tatu unaipokea mpaka mpini,
bila sauti,
kama mkate uliochovywa chai.

Bwana Kapend amefika, ufunguo unazunguka kidoleni:
"Rudisha zulia, mama. Ni safari kidogo tu,
batu banatungojea."

Zulia! Ndilo lililotuficha miezi yote hii.
Nikamwambia: vua kiatu, simama hapa kwa kisigino,
nami niliburute tela mpaka kwenye lami.
Alitazama lile tundu.
Alitazama kiatu chake.
Akatoa pesa ya mbao.

Kyungu, usiniulize kuhusu farasi wa kijivu
wa njia ya Kasumbalesa.
Jua hili tu: aligonga ukuta kilomita nzima,
na sisi mbele tukasema, leo ana hasira,
tukapandisha redio.

Saa sita mulombwa umefika kwa kichwa cha kijana wa soko.
Niliukata mwenyewe. Mti huu, ukiwa mbichi, hutoa damu;
huu ulikuwa mkavu, ila unga wa msumeno
ulibaki mwekundu mikononi mpaka jioni,
na sikunawa.
Bolti sita. Nilizikaza, nikazipumzisha, nikazikaza tena.
Nikavuta mnyororo wa usalama kwa uzito wangu wote
hadi mgongo ukaniambia inatosha.

Ndani ya mlango mdogo kuna tarehe zangu za chaki,
moja chini ya nyingine, tangu mwaka ule.
Siandiki chochote pembeni yake.
Ni safari ambazo farasi alishuka, akajitikisa,
akaanza kula majani.

Naongeza ya leo.
Chaki imeniishia katikati ya nambari ya mwisho.
Kyungu anakimbia kutafuta nyingine,
nami nalala tena chali,
kuisikiliza ile ya kulia.