Kumvi

Gunia lilitoka Butaleja,
kumvi tupu, zile ambazo mashine ya kukoboa huzitema
na watu huzichoma kando ya barabara.
Nikazitia tanuruni hapa Mbale, nyuma ya kituo cha polisi,
umeme ukikatika mara tatu,
Koplo Wandera akilaani kwa lugha nne.
Majivu meupe. Kisha magnesiamu, kisha asidi,
kisha siku mbili za kungoja,
na mwishowe kijiko kimoja cha vumbi la kahawia
ambalo ungelifuta mezani kwa kiwiko.

Lakini zima taa.
Washa urujuanimno:
vumbi linawaka rangi ya chungwa lililoiva,
kaa lisilo na joto,
chembe ndogo hivi kwamba unywele mmoja
kwazo ni Mlima Masaba.

Zina tabia mbili.
Zikinasa kwenye jasho la kidole, zinang'aa;
zikikutana na mvuke wa baruti, zinafumba macho.
Nimejifunza kusoma yote mawili,
mwanga, na kuzimika kwake.

Jana wameleta kufuli la ghala la ushirika.
Magunia kumi na tisa ya mchele hayapo.
Nikalipaka kwa brashi ya manyoya,
taratibu, kama anayempaka poda mtoto mchanga.
Zikajitokeza: dole gumba la mweka hazina, duara ndani ya duara;
kidole cha mlinzi, chenye kovu;
na juu ya zote, kiganja kizima,
kinang'aa, hakina mstari hata mmoja.

Laini kama mgongo wa kijiko.
"Glovu," akasema Wandera.
Glovu haitoki jasho, nikasema.

Naijua mikono hiyo.
Mama yangu alipokwenda kuandikiwa kitambulisho
mashine ilivikataa vidole vyake mara sita.
Kijana wa usajili akamwambia akanawe, akanawe tena,
kumbe si uchafu,
ni miaka thelathini na mitano ya kupura na kupepeta,
kumvi zikimsugua kidogo kidogo
hadi jina likamtoka kwenye ngozi.

Silikoni ileile. Iliyofuta
ndiyo inayomulika palipofutwa.

Kazi yenu, hutuambia, ni kutenga pumba na mchele.
Leo mchele haupo,
pumba ndizo zinazosema,
nami natamani zingenyamaza.

Fomu ina visanduku viwili:
Inatambulika. Haitambuliki.
Kalamu iko mkononi. Taa sijaiwasha.
Kiganja kinawaka mezani
kama mtoto aliyeinua mkono darasani
na mwalimu hajamwita.