Dakika Ishirini na Mbili

Uwanja wa ndege Tanga, mizani ya mizigo.
"Panda na wewe, mama," kijana ananambia,
nami napanda na viatu vyangu,
na kikapu cha machungwa ya Muheza.
Anaandika kwa penseli: themanini na moja.

"Hadi Pemba muda gani?"
"Dakika ishirini na mbili. Upepo ukikaidi, ishirini na tano."

Miaka kumi na minne namwandikia Mize:
mbali, mdogo wangu, ni mbali.

Mashamba ya mkonge yanageuka mistari ya daftari,
kisha maji,
kisha maji yamekwisha.
Bado natafuta neno la kufuata salamu
rubani anaposema tunashuka.

Mikarafuu hiyo.
Na umande wa alfajiri
haujakauka kwenye machungwa.